Samaki wataongezeka bwawani, sawa, ila samaki gani?

Tangu Bwawa la Nyerere, lile la umeme kwenye Mto Rufiji, lianze kujazwa Desemba 2022, kila nikishuka Somanga au Kilwa Masoko wavuvi wakishajua mi ni mtu wa planktoni swali ni lilelile, eti lile bwawa litaleta samaki au litawamaliza? Jibu langu huwa linawaudhi, maana ni yote mawili, inategemea uko upande gani wa ukuta.

Tuanzie chini. Planktoni ni vile vimea na vidudu vinavyoelea tu, maji yakienda navyo vinaenda, na ndo chakula cha kwanza cha kila kitu majini. Mto unaokimbia una tope, jua halipenyi, kwaiyo ninaowakuta sana ni daiatomu, vimea vyenye ganda la silika, kioo kitupu. Unatia iodini kwenye chupa ya sampuli mpaka maji yanageuka rangi ya chai ya rangi, unaacha vituame usiku kucha, asubuhi unafyonza maji ya juu taratibu alafu kile kilichobaki chini unakihesabu kwenye darubini kimoja kimoja. Macho yanauma hiyo kazi, acha tu.

Sasa ziba mto. Tope linazama, maji yanatakata, jua linaingia, miti na majani yaliyozamishwa yanaoza yanatoa mbolea, basi mwani wa kijani na sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa jua kama mimea, wanatamba na zuplanktoni, yaani vile vidudu wanaowala, wanazaana kwasababu hakuna mkondo wa kuwasomba. Miaka ya mwanzo perege wanajaa kweli. Ila ndungu, samaki wa mtoni ambaye mafuriko yakija hupanda mto kwenda kuzaa, akifika ukutani safari imeisha. Ndo maana hatupimi kilo peke yake, tuna indeksi ya Shannon inayoangalia aina ziko ngapi na zimegawanaje idadi. Ndoo ya perege watupu inapata sifuri hata ijae mpaka imwagike.

Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, walishayaona haya. Zambezi ilizibwa Desemba 1958, samaki wa mtoni hawakuzoea kuishi katikati ya maji mengi, kwaiyo kule kati zuplanktoni wakawa wapo tu hawana mlaji wa maana. Mwaka 1967 na 1968 wakaletwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wakazaana balaa, wengine wakapenya kwenye mitambo ya umeme wakashuka wenyewe hadi bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Leo kapenta, ndo hao hao dagaa, ni biashara kubwa kule. Wale zuplanktoni wakubwa wakubwa ndo walioliwa wakabaki vijidogo.

Chini ya ukuta mambo ni mengine kabisa. Maziwa ya Rufiji kama Ruwe, Zumbi na Utunge yanasubiri mafuriko ya masika yawaletee maji mapya na samaki wapya, yasipofika yanakuwa madimbwi ya kambale. Delta nayo, pale mto unapogawanyika kuingia baharini, ambayo ndo jirani yetu huku Kilwa, watoto wa kamba wanakulia kwenye mikoko yake na wanategemea ile mbolea na tope la mto.

Misri waliziba Nile pale Aswan 1964. Sadini wao, ndugu wa dagaa papa wetu, walikuwa wanavuliwa tani kama 18,000 mwaka 1962, mwisho wa miaka ya 60 zikabaki mia kadhaa tu, kwasababu ule mlipuko wa daiatomu wa kila msimu wa mafuriko ulikufa. Baadae kwenye miaka ya 80 samaki wakarudi, na kilichowarudisha kwa sehemu kubwa ni mbolea za mashambani na majitaka ya Cairo na Alexandria! Sio njia ya kuitamani hiyo.

Rufiji sio Nile, sisemi kamba wataisha. Bahari yetu ina bamvua la kuchanganya maji, Mediterania maji kupwa na kujaa ni kidogo mno. Ila mi ningependa tuchote maji juu ya bwawa, ndani, chini yake na deltani ndani ya mwezi mmoja, masika na kiangazi, na silika ipimwe kila mara, maana daiatomu wakianza kukosa ganda, kamba watachelewa kutuambia.