Bibi anaposema moyo unamwenda mbio

Bibi mmoja kutoka Uyui, mkoani Tabora, aliletwa na mjukuu wake kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Malalamiko yalikuwa yale yale: moyo unamwenda mbio, tumbo linajaa gesi, usingizi hapati. Presha yake ilikuwa 130 kwa 80. "Ni uzee tu, daktari," mjukuu akasema. Nikamuuliza bibi huwa anafanya nini akizinduka usiku.

"Naangalia komeo la mlango. Mara nne, mara tano. Kuku wakishtuka tu bandani, nimeshakaa kitako."

Huo si uzee. Wasiwasi unaomwandama mtu karibu kila siku kwa miezi sita, asiweze kuuzuia, ukamnyima usingizi na kumkosesha raha ya kazi zake, ni ugonjwa na una tiba. Tatizo ni kwamba wazee wetu ni nadra kusema "nina hofu". Hutaja moyo, tumbo, kichwa, na sisi tunabaki kupima presha.

Yanayouchochea wasiwasi huo hupandana. Ujane, maradhi sugu kama kisukari, magoti yanayouma, kulea wajukuu bila kipato. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Mwenye mtoto wa jicho na masikio mazito, kila kishindo kwake ni cha kutisha.

Kwetu Tabora kuna jambo jingine, nami nitalisema wazi: tuhuma za uchawi. Bibi aliyepika kwa kuni miaka hamsini macho yake huwa mekundu kwa moshi, na kuna watu wanaoyafanya macho hayo ushahidi. Bibi yule wa Uyui alikuwa amesikia maneno ya kumtuhumu kisimani. Hofu yake ilikuwa na sababu, na kidonge peke yake kisingeiondoa. Maneno kama hayo yapelekwe mapema kwa mtendaji wa kijiji au polisi, na bibi asiachwe alale peke yake.

Kabla ya kusema ni wasiwasi, daktari achunguze moyo, upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio na kutetemeka. Salbutamoli ya pumu nayo hufanya hivyo. Kwa hiyo mkija, wekeni dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, hata zile za miti shamba.

Tafadhali msimnunulie diazepamu dukani ili alale. Kwa mzee humfanya ayumbe, aanguke, avunjike nyonga, na humvuruga kumbukumbu. Tiba inayofaa ni ushauri nasaha wa vikao kadhaa, na ikibidi dawa zile zile zinazotibu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, asiziache katikati.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Mkifika kituoni ulizieni dirisha la wazee. Mkiingia kwa daktari, mwacheni mzee aanze kusema mwenyewe, na muulizeni mbele yetu usiku wake unakuwaje.