Amri ya kutengwa kwa ugonjwa wa zinaa: maana na mipaka yake

Amri ya kutengwa ni mamlaka ambayo sheria ya afya ya umma huwapa maofisa wa afya, mara nyingi kwa kupitia mahakama, ya kumweka mgonjwa mbali na watu, atake asitake. Si karantini, maana karantini humhusu mtu anayeshukiwa tu kuwa amekaribiana na ugonjwa. Wala si kifungo, kwa kuwa hakuna kosa lililothibitishwa. Ila mlango ukishafungwa kwa nje, aliye ndani haoni tofauti kubwa.

Kwa surua hoja yake inaeleweka upesi. Kaswende, kisonono na VVU ni habari nyingine: havirukii abiria mwenzako kwenye daladala. Anayetengwa hapo anazuiwa kwa tendo ambalo huenda asilifanye kabisa, na mamlaka ya namna hiyo huishia kuwaangukia wasio na wa kuwatetea.

Uingereza ilipitisha sheria yake ya kutenga wenye magonjwa ya zinaa mwaka 1864, ikihofia afya ya askari na mabaharia katika miji kama Portsmouth na Aldershot. Polisi waliovaa kiraia walimtaja mwanamke kuwa kahaba, akapimwa sehemu za siri, na akikutwa na ugonjwa alifungiwa hospitali hadi miezi 3. Marekebisho ya 1869 yaliufikisha muda huo miezi 9. Askari waliolala nao hawakupimwa kwa sheria hiyo. Mwanaharakati wa haki za wanawake Josephine Butler na wenzake walipiga kelele miaka nenda rudi hadi ikafutwa mwaka 1886. Na wakati huo wote hapakuwa na dawa ya kuponya kaswende: penisilini ilianza kutumika kwa ugonjwa huo mwaka 1943. Kwa hiyo wanawake hao walifungiwa "kutibiwa" kwa zebaki, ambayo nayo ni sumu.

Kipimo cha leo cha kuamua kama kutenga ni halali kimewekwa vizuri na kesi moja ya Sweden. Mwanamume mwenye VVU alipewa masharti mwaka 1994: asifanye ngono kabla ya kumwambia mwenzake hali yake, atumie kondomu, asilewe hadi kupoteza busara, amwambie daktari wa meno, ahudhurie miadi ya daktari wake. Miadi akawa haendi. Mwaka 1995 mahakama ikaamuru atengwe hospitalini, na amri ikawa inaongezwa na kuongezwa kwa karibu miaka 7. Alitoroka mara kadhaa. Muda aliokaa ndani hasa ulikuwa kama mwaka mmoja na nusu.

Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba uhuru wake ulivunjwa. Haikusema kutenga ni marufuku. Ilisema mambo mawili lazima yaonekane: kwamba kuenea kwa ugonjwa ni hatari kwa umma, na kwamba kutenga ni hatua ya mwisho, baada ya njia nyepesi kufikiriwa na kuonekana hazitoshi. Serikali haikuonyesha ilizifikiria njia hizo.

Kwa maoni yangu sharti la pili ndilo lenye meno. Kenya ililiona hata kwa kifua kikuu, ambacho husambaa kwa hewa: wagonjwa wawili walioacha dawa walipelekwa gereza la Kapsabet mwaka 2010 kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba.