Wingi wa saini hauzuii supamaketi

Katika miji midogo ya pwani ya Uingereza, supamaketi ikitaka kujenga upya katikati ya mji, wakazi wengi huamini kuwa saini za kupinga zikiwa nyingi halmashauri italazimika kukataa. Sivyo. Maombi ya ujenzi hayaamuliwi kwa kura. Huko Sheringham, Norfolk, kampuni ya supamaketi ya Tesco ilipingwa kwa zaidi ya miaka 10, na bado ilifungua duka 2013.

Sheria hutaka madiwani wafuate mpango wa eneo na kupima hoja za matumizi ya ardhi: msongamano wa magari, mafuriko, sura ya majengo ya kale, uhai wa maduka ya katikati ya mji. Hofu ya nyumba yako kushuka bei haihesabiki. Barua moja inayoeleza jinsi malori yatakavyoziba kichochoro cha kwenda ufukweni ina uzito kuliko mia zilizonakiliwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kusahauliwa kwa kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya 1990. Kupitia hicho, halmashauri hukubaliana na mwekezaji agharamie, kwa mfano, barabara au usafiri wa basi unaohitajika kwa sababu ya mradi wake. Hapo ndipo wakazi wangepaswa kudai mapema, kwani muda wa kutoa maoni kwa kawaida ni siku 21 tu.