Udumavu ni nini, na kwa nini wanauchumi wanauchunguza?

Mtoto amedumaa ikiwa urefu wake umebaki nyuma sana ya umri wake. Viwango vinavyotumika ni vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Msichana wa miaka miwili hutarajiwa kuwa na sentimita 86 hivi. Akiwa chini ya 80, huhesabiwa amedumaa.

Kukonda ni jambo lingine. Mtoto aliyekonda uzito wake ni mdogo kwa urefu alio nao, mbavu zinahesabika, na jirani yeyote atashtuka. Aliyedumaa hamshtui mtu. Yuko na mashavu yake, anacheza na wenzake pale Nyalenda au Manyatta, mitaa ya Kisumu, nawe unamdhania ana mwaka na nusu kumbe anakaribia mitatu. Wazee nao watakwambia ni ufupi wa ukoo. Ni kweli ukoo huchangia urefu wa mtu mzima, lakini viwango hivyo vilipatikana kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na ilionekana kwamba mtoto mdogo akilishwa na kutunzwa vizuri, hukua karibu sawa na wenzake popote alipozaliwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Tumepiga hatua, lakini hao bado ni karibu mmoja kwa kila watano, na mimi siwezi kuliita hilo jambo dogo.

Wanauchumi waliingia hapa kwa sababu umaskini wa utotoni hauishii utotoni. Utafiti unaotajwa sana ulianzia Guatemala. Kati ya 1969 na 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye maziwa na protini, na vingine viwili vikapewa kinywaji cha sukari kisicho na protini. Miaka mingi baadaye mwanauchumi John Hoddinott na wenzake waliwatafuta watoto wale, sasa watu wazima. Wanaume waliopata ule uji kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2008. Kwa wanawake tofauti ya mshahara haikuonekana wazi. Waliouanza wakiwa wakubwa hawakufaidika hivyo. Ndiyo maana siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, husisitizwa sana.

Sasa mfikirie mama anayeuza mboga katika soko la Kibuye, Kisumu. Anatoka alfajiri, mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake ambaye naye bado ni mtoto, na chakula cha mchana ni uji mwepesi wa mahindi. Tumbo linajaa, mwili haujengeki. Omena (dagaa) iko sokoni pale pale, lakini kuisafisha, kuikaanga na kuisaga hadi iwe laini ya kutiwa kwenye uji kunataka muda, na muda ndio hana. Ongeza malaria ya ukanda huu wa ziwa na kuhara kwa mara kwa mara. Umaskini humfikia mtoto kwa njia nyingi kwa pamoja.

Hata suluhisho tunazoziamini hazifanyi kazi zote sawa. Jaribio kubwa lililofanyika vijijini Kakamega, Bungoma na Vihiga, matokeo yakatolewa 2018, lilionyesha kuwa klorini ya maji, vyoo bora na kunawa mikono peke yake havikuongeza urefu wa watoto. Waliopata kirutubisho cha ziada, na mama zao wakashauriwa kuhusu ulishaji, walirefuka, ingawa kidogo. Maji safi yana faida zake nyingine, lakini hayachukui nafasi ya chakula.

Ukienda kliniki ya chanjo, mzani hauachwi, lakini urefu mara nyingi hurukwa, maana kuupima kunataka watu wawili: mtoto hulazwa kwenye ubao, mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti na kusukuma kibao hadi nyayoni. Mtoto hulia, foleni ni ndefu. Omba apimwe hata hivyo, na nambari iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Kipimo kimoja hakitoshi. Kinachoangaliwa ni kama mstari wa ukuaji kwenye kijitabu unapanda mwezi baada ya mwezi au umelala.