Koili kwa Tani, Bati kwa Mita: Ubora wa Mabati Unakaguliwaje Kiwandani?

Mteja akikuta bati lake ni jepesi, mara nyingi huilaumu mashine: eti imelivuta mpaka likawa jembamba. Mashine ya kukunja mabati haifanyi kazi hiyo. Inachofanya ni kulipitisha bapa la chuma katikati ya jozi za rola, kila jozi ikilikunja kidogo zaidi kuliko iliyotangulia, hadi migongo itimie na kisu kikate urefu ulioagizwa. Unene ulioingia ndio unaotoka. Ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye koili, yaani bapa refu la chuma lililoviringishwa, kabla mashine haijawashwa.

Kuna sababu ya kibiashara pia. Kiwanda hununua koili kwa tani na kuuza bati kwa mita. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850. Kwa hesabu hiyo, koili ya tani 5 yenye upana wa mita 1 na unene wa milimita 0.30 hutoa takriban mita 2,120. Unene ukishuka hadi milimita 0.27, tani zilezile hutoa karibu mita 2,360. Mita 240 za ziada, zikiuzwa kwa bei ya bati la 0.30, ni fedha nyingi, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti ya milimita 0.03. Mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo, huiona. Mkaguzi hupima sehemu kadhaa za upana wa bapa, kisha hulinganisha na cheti kilichokuja na koili.

Lakini mikromita haichagui. Hupima chuma, zinki na rangi kwa pamoja. Alama ya Z275 ina maana ya gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Hizo ni takriban maikroni 20 kila upande, yaani milimita 0.04 kwa jumla, na bado rangi haijahesabiwa. Basi bati la rangi linalosoma 0.30 huenda chuma chake hakifiki hata 0.25. Muulize muuzaji: unene huu ni wa chuma kitupu, au ni pamoja na mipako?

Kuhusu geji, ile namba inayotumika kutaja unene wa bati, ningependa tuachane nayo kabisa. Geji 30 kwa jedwali la Kiingereza la nyaya ni milimita 0.315, kwa jedwali la Kimarekani la mabati ya zinki ni karibu 0.40. Namba ni ileile, bati si lilelile. Taka milimita, na ziandikwe kwenye risiti.

Koili ikishapita, ndipo mashine inapopata nafasi ya kuharibu. Chuma cha mabati mengi membamba ni kigumu, cha daraja la G550, na kina tabia ya kurudi nyuma kidogo kinapotoka kwenye rola. Koili mbili zenye unene sawa zinaweza kutofautiana ugumu. Ile ngumu zaidi itatoa migongo iliyofunguka zaidi ingawa hakuna aliyegusa rola. Fundi anayebadilisha koili mchana na kuendelea kwa mpangilio wa asubuhi, bila kupima, anabahatisha. Utaratibu unaofaa ni bati la kwanza baada ya kila badiliko kuwekwa kando na kupimwa lote: urefu, kimo cha migongo, na upana unaofunika, yaani upana wa bati ukiondoa sehemu inayolaliwa na bati jingine. Upana huo haupimwi kwenye ncha, kwa sababu ncha hutanuka au kubana mara tu kisu kinapokata. Pima ndani kidogo.

Upana unaofunika ndio ninaousisitiza kuliko vipimo vingine vya umbo. Kosa la milimita 5 kwa bati moja halimsumbui mtu. Mabati 20 yakipangwa ubavu kwa ubavu, kosa hilo limeshakuwa sentimita 10, na fundi aliye juu ya kenchi analazimika kuyavuta au kuyabana ili yafike. Hapo migongo haikai sawasawa pale bati moja linapolalia jingine, na mvua yenye upepo hupenya.

Mawimbi ukingoni yana chanzo chake. Wakati wa kukunjwa, ukingo husafiri njia ndefu kuliko katikati. Jozi za rola zikiwa chache mno, au moja ikikazwa kupita kiasi, ukingo hunyooshwa na haurudi tena. Bati linalopinda kama upanga mara nyingi limeurithi mpindo huo kwenye koili, au liliingizwa mashineni likiwa limekaa mshazari. Mikwaruzo inayojirudia mstari uleule ni ya rola chafu au yenye jeraha, na dawa yake ni kusimamisha mashine na kuisafisha, si kupaka rangi juu ya mkwaruzo. Nyufa ndogo za rangi kwenye mkunjo zichunguzwe kwa lenzi, maana kutu hupenda kuanzia hapo.

Mnunuzi asiye na mikromita anaweza kutumia mizani. Shika uzi, uufuatishe kila mgongo na bonde kutoka ukingo hadi ukingo, upate upana wa bapa kabla ya kukunjwa. Zidisha upana huo kwa urefu, zote kwa mita, kisha kwa unene kwa milimita, kisha kwa 7.85. Bati la mita 3 lililotoka kwenye bapa la mita 1, chuma kikiwa 0.30, linapaswa kuwa na kilo 7 na kidogo. Likiwa na kilo 6, si la 0.30. Pima mabati kadhaa pamoja ili kosa la mizani lipungue.

Kiwanda makini huandika namba ya koili kwenye kila mzigo unaotoka. Omba namba hiyo na uitunze pamoja na risiti. Kutu ikitokea mapema, kwa namba hiyo cheti cha koili hupatikana na ikajulikana mabati mengine ya koili hiyo yalikwenda wapi.