Dhana potofu zinazomponza mtafiti wa safari za anga akiwa Dodoma

"Bila rada huwezi kutafiti uongozaji wa ndege."

Wanafunzi hukatishwa tamaa na kauli hii bure. Ndege nyingi za abiria hujitangaza zenyewe: mfumo wa ADS-B hurusha taarifa ya mahali ndege ilipo takribani mara mbili kila sekunde, kwenye masafa ya megahezi 1,090, bila kufichwa kwa nywila yoyote. Unachohitaji ni kipokezi cha redio cha USB chenye umbo la modemu, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na antena. Antena hata fundi wa redio anaitengeneza: waya wa shaba wa sentimita 6.9 umesimama wima, na mingine minne ya urefu huohuo imeinamishwa chini yake. Kipokezi hakirushi chochote, lakini waulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kabla ya kupanda paa la chuo.

Mawimbi haya hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo futi 35,000 inaweza kunaswa ikiwa zaidi ya kilomita 400, ila iliyo futi 5,000 juu ya antena haivuki kilomita 160 au hapo karibu. Ukiiweka antena chini ya kilima cha Mlimwa, upande wa kilima utakuwa kiza. Kebo nayo iwe fupi, maana kebo ndefu nyembamba hunyonya mawimbi kabla hayajafika.

"Kilichonaswa ndicho kilichotokea angani."

Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibikia, na ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Ujumbe mmoja una biti 112 tu, hauna nafasi ya latitudo na longitudo kamili. Hivyo hutumwa kwa namna mbili, shufwa na witiri, na programu huzioanisha ili kupata mahali. Ukioanisha jumbe zilizopishana zaidi ya sekunde 10, unaweza kuiona ndege iliyo juu ya Kondoa ikiruka ghafla hadi nchi nyingine. Dawa yake: kokotoa mwendo kati ya nukta mbili zinazofuatana, ukizidi kilomita 1,300 kwa saa, nukta moja ni ya uongo. Itafute, uifute.

Kosa la pili ni la kimo. Kimo kinachotangazwa kwa kawaida hupimwa kwa mgandamizo wa hewa wa hektopaskali 1013.25 (kiwango cha kawaida cha usawa wa bahari), wala si kutoka ardhini. Uwanja wa Dodoma uko takribani futi 3,670 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege inayosomeka futi 5,000 iko futi 1,300 tu juu ya uwanja. Tena mgandamizo wa siku hiyo, ukisahihishwa kwa usawa wa bahari, ukiwa 1018, ongeza futi kama 140. Asiyesahihisha hili ataandika kwamba marubani wanaanza kushuka wakiwa wamechelewa, kumbe kosa ni la jedwali lake.

Na kumbuka kuna ndege ndogo zisizo na kifaa hiki kabisa. Usiandike "ndege zote".

"Kompyuta itamwondoa mwongoza ndege."

Programu hutabiri mgongano vizuri. Lakini rubani anapoomba kukwepa wingu la radi, mwongoza ndege ndiye anayeamua nani ampishe nani, huku akilinda nafasi kati ya ndege: futi 1,000 za wima au maili 5 za baharini (kama kilomita 9) za mlalo penye rada. Kazi nzuri za kitafiti humpunguzia mzigo huyo mtu.

"Vipimo vya Ulaya vinafaa popote."

Havifai Dodoma saa nane mchana. Kwa nyuzi joto 30, hewa ya uwanjani huwa nyepesi kama ya futi 6,300. Injini inapata hewa kidogo, na bawa linahitaji mwendo halisi mkubwa zaidi kwa takribani asilimia 10 ili kubeba uzito uleule. Rubani anasoma noti 140 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipimo chake. Antena yako, siku isiyo na upepo, inanasa karibu 154. Programu iliyofundishwa kwa data za viwanja vya pwani itaitia ndege hiyo alama nyekundu, eti inatua kwa kasi ya hatari. Hii pia ni sababu mojawapo ya viwanja vya nyanda za juu kuhitaji njia ndefu za kurukia. Ya Msalato, uwanja mpya wa Dodoma, imepangiwa mita 3,600. Basi kabla ya kulinganisha mwendo, chukua halijoto, mgandamizo na upepo wa saa ileile ndege ilipotua, wala si wastani wa mwezi.