Je, wajua gemu nzima huundwaje kwa wikendi moja?

Gemu ya Red Dead Redemption 2 ilitoka mwaka 2018, miaka minane baada ya iliyoitangulia, na orodha ya majina ya walioitengeneza ni ndefu kiasi cha kumchosha msomaji yeyote. Wakati huohuo, wapo watu wanaoketi mbele ya kompyuta Ijumaa jioni bila wazo lolote kichwani, na Jumapili usiku wanakukabidhi gemu yenye sauti, alama, njia ya kushinda na njia ya kufa. Wote wanatumia kompyuta na kibodi. Inakuwaje mmoja akahitaji miaka na mwingine siku mbili?

Ukweli ni kwamba katika gemu kubwa, sehemu kubwa ya miaka ile haiendi kwenye mchezo. Inakwenda kwenye manyoya ya farasi, sura za watu, sauti za waigizaji, barabara na majengo ya miji, halafu kukagua kila mlango usije ukammeza mchezaji. Mchezo wenyewe, ile kanuni inayomfanya mtu aseme "hebu tena mara moja", ni kitu kidogo. Fikiria drafti. Kipande cha boksi, kalamu na vizibo vya soda vinatosha. Nusu saa haijaisha watu wanacheza, na ubishi utaendelea mpaka magharibi. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba vizibo havina sura nzuri. Watengenezaji wa wikendi wanatafuta hichohicho: kanuni moja inayoweza kusimama hata kama kila kitu kwenye skrini ni mraba mweupe.

Shughuli hii ina mashindano yake. Miongoni mwa ya zamani na yanayojulikana zaidi ni Ludum Dare, yaliyoanza Aprili 2002 na kuendeshwa kwa njia ya intaneti. Kitengo chake kigumu kina masharti makali: uko peke yako, una saa 48, na picha, muziki na sauti zote uzitengeneze ndani ya saa hizo. Wanaopenda kufanya kazi kwa timu wana kitengo chao cha saa 72. Mada hupigiwa kura na kutangazwa saa inapoanza kuhesabiwa. Zawadi ya fedha hakuna. Baada ya hapo washiriki wanachezeana gemu zao na kupeana alama. Mwaka 2009 yakaja Global Game Jam, ambayo watu hukusanyika ukumbini, na safari ya kwanza tu yalivuta washiriki zaidi ya 1,600 katika nchi 23. Kwa miaka mingi mada yake ilifunguliwa saa 11 jioni ya Ijumaa kwa saa za kila nchi, kwa hiyo watu wa New Zealand waliijua mapema na kuombwa wafunge midomo mpaka jua lifike Hawaii. Kuomba siri kwa vijana wenye intaneti ni imani kubwa sana kwa wanadamu.

Sasa tuingie ndani ya mashine, maana hapo ndipo penye jibu.

Gemu yoyote, ya siku mbili au ya miaka minane, imejengwa juu ya mzunguko mmoja. Kompyuta inaangalia mchezaji amebonyeza nini, inapiga hesabu kila kitu kiko wapi sasa, kisha inachora picha upya. Gemu nyingi hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, yaani kila duru ina milisekunde 16 na kidogo. Macho yako yanaona mwendo. Kompyuta inaona picha moja baada ya nyingine.

Mhusika anayeruka, kwa mfano, hana misuli wala miguu. Ana namba: kasi yake ya kwenda juu. Ukibonyeza kitufe, namba hiyo inapandishwa ghafla. Kuanzia hapo kila duru inapunguzwa kiasi kilekile. Ikifika sifuri, mhusika yuko kileleni. Ikishuka chini ya sifuri, anaanguka. Akigusa ardhi, namba inarudishwa sifuri. Basi. Hiyo ni mistari michache ya programu, na anayejua anachofanya huimaliza kabla chai haijapoa. Kugongana kwa vitu ni hesabu ya namna hiyohiyo: mraba huu umeingiliana na ule? Kama ndiyo, toa alama, au ua mchezaji.

Zamani mtu alilazimika kuandika hata ile sehemu ya kuchora nukta kwenye skrini. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na injini ya gemu, programu ambayo tayari inajua uvutano, migongano, sauti, vitufe na kamera. Unity ni mojawapo. Nyingine ni Godot, iliyoanzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufunguliwa kwa wote bila malipo mwaka 2014. Faili lake la kupakua ni dogo kuliko sinema moja, sifa ambayo anayeishi kwa bando ataielewa haraka kuliko mtu mwingine. Ukiwa na injini, saa zako 48 hazianzii kwenye sifuri; zinaanzia kwenye kazi ya miaka ya watu wengine.

Hata sauti ilipatiwa dawa. Desemba 2007, kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare, Tomas Pettersson alitengeneza programu ndogo iitwayo sfxr. Unabonyeza kitufe cha sarafu, inakupa mlio wa sarafu. Unabonyeza cha mlipuko, inakupa mlipuko. Hujaupenda, unabonyeza tena na unapata mwingine. Hakuna kipaza sauti wala mpiga kinanda. Ile milio ya "piu" na "tiring" unayoisikia katika gemu ndogondogo nyingi imetoka humo, au katika programu zilizoiga humo.

Kinachobaki ni kukata, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufundi kuliko kuandika programu. Kila kitu unachokitaka kina bei ya saa, na saa ni 48, ukitoa za kulala. Wachezaji wawili? Kata. Hadithi yenye mazungumzo? Kata. Ramani kumi? Moja inatosha. Watu wenye uzoefu huweka mipaka hata kwenye picha. Mwaka 2015 Maddy Thorson na Noel Berry walitengeneza gemu ya kupanda mlima kwa siku nne wakitumia PICO-8, mfumo ambao skrini yake ina nukta 128 kwa 128 na rangi 16 tu. Katika ukubwa huo mhusika mzima anatosha kwenye mraba wa nukta nane kwa nane. Huwezi kupoteza siku nzima ukichora kope za mtu mwenye nukta 64. Gemu hiyo ni Celeste, na toleo lake kubwa lililotoka Januari 2018 lilikuja kusifiwa dunia nzima.

Muda uliookolewa kwenye picha unatumika kwenye hisia ya mkono. Katika Celeste kubwa, mchezaji akivuka ukingo wa jabali bado anaweza kuruka kwa muda mfupi sana baadaye, ingawa kwa hesabu tayari yuko hewani. Huo ni uongo wa makusudi. Bila huo, mchezaji angeapa kwamba alibonyeza kwa wakati na gemu imemdhulumu. Marekebisho ya namna hii ni mstari mmoja au miwili, lakini kuyagundua kunataka ucheze kipande kilekile tena na tena. Ndiyo maana wazoefu huhakikisha kufikia Jumamosi mchana kuna kitu kinachochezeka, hata kama ni miraba inayorukaruka. Aliyeanza na menyu nzuri na jina lenye vivuli, Jumapili ana menyu nzuri.

Mada ya siri nayo ina kazi. Inazuia watu kuja na gemu iliyopikwa nyumbani, lakini zaidi inafunga milango. Ukiambiwa "tengeneza gemu yoyote" utakaa kuwaza mpaka usiku wa manane. Januari 2013 mada ya Global Game Jam haikuwa hata neno. Ilikuwa sauti ya moyo ukidunda. Timu ndogo ya kampuni ya Bossa Studios ya London ikafikiria upasuaji wa moyo, na ikachagua uendeshaji ambao mtu mwenye akili timamu asingeuchagua: kipanya kinasogeza mkono wa daktari, na kila kidole kina kitufe chake kwenye kibodi. Kushika kisu tu ni mtihani. Nyundo inaponyoka, vifaa vinamwagika juu ya kifua kilicho wazi, na mgonjwa anaendelea kupoteza damu. Angalia nani kafanya kazi hapo: kila kichekesho kimetoka kwenye injini, inayojua vitu vikiachiwa vinaanguka. Timu ilihitaji kutengeneza mkono na meza. Vurugu walipewa bure. Toleo la kuuzwa la gemu hiyo, Surgeon Simulator, lilitoka Aprili mwaka huohuo.

Mfano wa Afrika ni wa vijana wa Free Lives wa Cape Town. Aprili 2012 waliingia Ludum Dare na gemu waliyoiita Rambros, ya mashujaa wa sinema za vita wanaobomoa kila kitu mpaka ardhi wanayosimama. Miaka mitatu baadaye ikatoka kamili kwa jina la Broforce.

Lakini kisa kinachoonyesha wazi muda unakokwenda ni cha Arvi Teikari wa Finland. Mwaka 2017 alishiriki Nordic Game Jam kule Denmark na akaja na wazo hili: kanuni za gemu ziandikwe kwa maneno yaliyo ndani ya gemu yenyewe, kama matofali, na mchezaji aweze kuyasukuma. Panapoandikwa kwamba ukuta unazuia, ukuta unazuia. Sukuma neno moja pembeni, sentensi inavunjika, na unapita katikati ya ukuta. Unaweza hata kubadilisha wewe ni nani, ukawa jiwe. Wazo hilo lilikamilika kwa wikendi na likashinda. Gemu kamili, iitwayo Baba Is You, ilianza kuuzwa Machi 2019, karibu miaka miwili baadaye, ikiwa na mafumbo zaidi ya 200. Kanuni zilikuwepo tangu siku ile ya kwanza. Miaka miwili ilikwenda kwenye kutafuta mafumbo yanayostahili kanuni hizo, na kuzuia njia za mkato ambazo wachezaji wangezigundua kabla yake.

Gemu nyingi za wikendi hazifiki huko. Zinachezwa kwa dakika tano, zinakwama kwenye ukuta, mwenyewe anacheka na Jumatatu anakwenda kazini. Anayetaka kuona jinsi zinavyoundwa ana njia rahisi: kile kitengo kigumu cha Ludum Dare kinamlazimisha kila mshiriki aweke wazi programu aliyoiandika. Mwaka 2011 alishiriki hata Markus Persson, aliyeanzisha Minecraft, na Desemba ile aliacha Minicraft, gemu ya saa 48 ambayo yeyote anaweza kuifungua, kuisoma mstari kwa mstari, na kubadilisha namba moja aone kitakachoharibika.